Ishara ya Mnyama Asiyetajwa

Marambo, 6 Januari 2003

Nimerudi jana kutoka hospitali ya Nachingwea. Daktari kijana aliyenipima aliniambia moyo wangu umechoka na umepanuka, ndiyo maana miguu inavimba na siwezi kulala chali. Nikamuuliza kama nitakula korosho za msimu ujao. Akacheka, akainamia karatasi akaandika dawa. Nimefundisha darasani maisha yangu yote. Namjua mwanafunzi asiyejua jibu, na namjua anayelijua ila hataki kulisema.

Basi nimeamua kuandika msimu huu wa mvua, siku kwa siku nikiweza. Sina mtoto wa kuniuliza nimeandika nini. Atakayesoma na asome.

8 Januari

Mvua kutwa. Zulfa amekuja amelowa kama kuku.

Zulfa ni mjukuu wa jirani yangu Mwanne. Ana miaka tisa. Homa ilimchukua masikio akiwa bado anatambaa, na maneno hayakupata kuja. Tangu mwaka juzi hushinda barazani kwangu. Sikusomea kufundisha viziwi, lakini tumetunga ishara zetu wenyewe, yeye na mimi. Kidole kwenye shavu ni bibi yake, mwenye chale usoni. Vidole viwili vya duara machoni ni mimi, kwa sababu ya miwani. Kuandika anaandika jina lake, na la Mwanne, na majina ya vyombo vyote vya jikoni. Hakuna mwingine hapa kijijini anayeisoma mikono yake. Hata Mwanne huijua nusu tu.

13 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimekwenda na Zulfa na Mwanne, nikikaa chini kila palipo na kisiki.

Tangu ada ilipofutwa darasa la kwanza limejaa hadi mlangoni. Mwalimu wake ni Prisca, binti mgeni kutoka Masasi. Alimtazama Zulfa, akanitazama mimi.

"Shikamoo Mwalimu. Huyu ndiye bubu?"

"Marahaba. Huyu ndiye Zulfa."

"Mwalimu, mimi sikusomea hawa. Nina watoto wanakaa juu ya matofali. Huyu nitamfanyaje?"

"Mkalishe mbele, na ukisema usigeuzie uso ubaoni. Mengine nitayafanya mimi barazani jioni."

"Na wewe ukiumwa?"

Mwanne akadakia, "Mwalimu huyu hafi, mwanangu. Kifo kilikuja mwaka jana akakipa mtihani, kikafeli."

Prisca akacheka, na kwa kucheka akamwandika.

14 Januari

Ameketi mbele. Amerudi na chaki mfukoni, ya kuiba.

3 Februari

Watoto humwimbia njiani, "Bubu kaja, bubu kaja." Hasikii, lakini huona midomo yote inafunguka pamoja, naye hucheka nao akidhani ni wimbo mzuri. Sijui kama nimweleze.

17 Februari

Wanawake waliokwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, wamerudi mbio na vikapu vitupu. Wameona nyayo kando ya mto, upande wa mashamba ya Mzee Yasini. Nyayo za "yule bwana".

Anayesoma haya akiwa mgeni wa huku lazima aelewe. Mvua zikishika na mahindi yakianza kubeba, mnyama yule hushuka akifuata nguruwe pori, na nguruwe hufuata mashamba. Watu nao hulala mashambani, juu ya dungu, kulinda chakula. Basi tunakutana wote mahali pamoja, gizani. Msimu huo hakuna anayemtaja jina. Tunasema yule bwana, mwenye pori, mkubwa. Anayemtaja anamwita. Na akija akamchukua mtu, hapatikani wa kuamini kwamba ni mnyama tu. Yupo aliyemtuma, na wa kwanza kuulizwa ni aliyemtaja.

Nimesoma misheni, nimesoma chuo cha ualimu, nimefundisha sayansi. Nami simtaji. Hata hapa kalamu imemzunguka.

20 Februari

Leo nimefanya jambo ambalo sijui kama ni busara. Zulfa aliona picha yake katika kitabu cha zamani cha kusomea, akaigonga kwa kidole: huyu nani? Kila picha ina ishara, na hii pia aliitaka ishara yake. Nikatandaza vidole kuzunguka uso kama manyoya, halafu nikashusha mikono kama makucha. Alifurahi kupita kiasi. Ameifanya kwa paka, kwa mbwa wa Mwanne, kwa mbuzi aliyefungwa.

Moyoni nilijisemea: nimemtaja kwa mikono, siyo kwa kinywa. Hiyo haihesabiki.

4 Machi

Mbuzi wawili wa upande wa Ruangwa wameliwa, inasemekana. Watoto wanakwenda shule kwa kundi, wakipiga madebe. Zulfa amepewa debe naye. Analipiga kuliko wote kwa sababu halimuumizi masikio.

9 Machi

Kifua. Sikuandika siku nne.

16 Machi

Mzee Yasini amepita na mwanawe Yunusi wakienda kukarabati dungu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa mababu. Sisi huzika kwao na wao huzika kwetu, na katikati ya hapo tunatukanana tunavyotaka.

"Wewe bibi kizee, bado upo?" akanipigia kelele kutoka njiani. "Jembe langu linapata kutu kukungoja!"

"Nitakufa siku utakayojua kusoma, kwa hiyo nina muda!"

Yunusi alicheka hadi akaegemea mkuki wake. Ni kijana wa heshima. Mkewe ni mjamzito.

20 Machi

Mvua ya asubuhi, jua alasiri. Zulfa amerudi kutoka shule akilia, mkono umevimba kwa fimbo. Akawa na ule mchezo wake wa mnyama, tena na tena, akionyesha mtoni. Sikuwa na nguvu. Nimemrudisha kwao. Jioni Yunusi alipita kwenda kulinda, akanisalimu.

21 Machi

Yunusi amechukuliwa. Walimkuta asubuhi mbali na dungu, karibu na mto. Siandiki walichokikuta.

Bwana nyama, askari wa wanyamapori, amekuja na bunduki kwa baiskeli. Mvua imefuta nyayo.

24 Machi

Nitaandika polepole.

Mkutano ulikuwa leo shuleni, baada ya siku tatu za matanga. Kijiji kizima kilikuwepo. Sikujua kwa nini wameuitia shuleni hadi Mwalimu Mkuu aliposimama na kumtaka Prisca aseme yaliyotokea Alhamisi asubuhi.

Prisca alisema. Watoto walikuwa mstarini. Zulfa alitoka katika mstari akasimama mbele ya wote, akafanya vidole hivi usoni na makucha hivi (Prisca alificha mikono mara moja, kana kwamba imeungua), kisha akanyoosha kidole kuelekea mashamba ya mtoni. Akarudia. Watoto wadogo walianza kulia. Akampiga fimbo ya mkono ili aache.

"Akaonyesha wapi?" akauliza Mzee Yasini. Sauti yake sikuitambua.

"Kwenu, mzee."

"Na usiku ule ule akaja."

Nilisikia watu wakivuta pumzi.

Mzee mmoja akasema, "Mtoto asiyesema kwa kinywa, anasema na nani?" Mwingine, "Tulionywa. Hawa walikuwa wakikaa ndani siku zote, kulikuwa na sababu. Leo wanachanganywa na watoto wetu." Mwanamke akapaza sauti, "Mimi wangu hakai naye chumba kimoja, hata serikali ije!"

Mwanne alikuwa amekaa chini, Zulfa katikati ya magoti yake. Alisema kwa kilio, "Jamani, mtoto wa watu hajui hata kama mna jina msilolitaja! Nani angemwambia, na kwa sikio gani?"

Ndipo Mzee Yasini akauliza swali lile. "Basi, nani alimfundisha kumtaja?"

Zulfa alikuwa ananitazama mimi. Kati ya midomo ile yote alitafuta miwani yangu. Akaiinua mikono kidogo, akafanya duara mbili machoni.

Wengine walidhani anafuta machozi. Mimi nilisoma: wewe, waambie.

Nikatazama chini. Nikakohoa. Mtu akasema, "Mpisheni Mwalimu, anaumwa," wakanitoa nje kwenye hewa, wakanipepea kwa kanga, wakanishika kwa heshima. Nilipokuwa ninapepewa waliamua. Zulfa asionekane shuleni.

25 Machi

Sikulala.

27 Machi

Mwanne amekuja kuaga. Anakwenda kukaa shambani na Zulfa hadi mavuno yaishe.

"Kwenye dungu, Mwanne? Msimu huu?"

"Huko hakuna wa kumnyooshea kidole. Ataamia ndege wasile nafaka. Kuamia ndege hakuhitaji masikio."

"Na yule bwana?"

"Yule bwana ni mmoja, Mwalimu. Hapa ni wengi. Juzi mtu amerusha jiwe juu ya bati."

Nilitaka kusema. Nilifungua kinywa kabisa. Nikamwambia achukue unga wangu wa muhogo, umezidi.

2 Aprili

Siwaoni. Moshi wa shamba lao nauona asubuhi. Moshi ukichelewa kupanda siwezi kunywa uji.

5 Aprili

Moshi umepanda.

6 Aprili

Moshi umepanda kwa kuchelewa sana. Nilikuwa nimekwisha kuanza sala za wafu.

11 Aprili

Prisca amekuja kuniona, akaleta chumvi na sabuni. Alikaa akipindapinda ncha ya kitenge.

"Mwalimu, nikuulize. Yule mtoto kabla ya kufanya vile, alionyesha chini. Alipiga kiganja kwenye udongo, halafu akakitandaza, hivi. Sijawaambia watu. Ile ni nini?"

Ile ni nyayo. Tuliitunga pamoja, siku ya nyayo za kuku kwenye matope. Kiganja chini, ni nyayo. Kiganja kikitandazwa, ni kubwa.

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Watoto wana michezo."

Alishukuru, akaenda zake. Mwalimu mzuri, alikuwa ameona alichopaswa kuona.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Padri hakufika, mto umejaa. Hakuna wa kuungama kwake. Basi nitaungama hapa.

Tarehe 20 Machi niliandika kwamba Zulfa alikuja na mchezo wa mnyama. Ni uongo. Haukuwa mchezo. Alipiga kiganja chini, akakitandaza. Akafanya manyoya na makucha. Akaonyesha mto, njia ya shamba la Yasini. Kisha akaelekeza vidole viwili kwenye macho yake mwenyewe: nimeona. Alirudia mpaka jasho likamtoka. Mkono mmoja ulikuwa umevimba, naye aliendelea kuutumia.

Nilimwelewa tangu mara ya kwanza. Hakuna ulimwenguni anayemwelewa mtoto yule kama mimi.

Nilifikiri hivi, na ninaandika kama nilivyofikiri. Mimi ni mjane, mzee, macho mekundu kwa moshi, ninakaa peke yangu. Nikisimama na kusema mnyama yuko kwa Yasini, halafu asije, nitachekwa. Akija, wataniuliza nilijuaje. Nikamshika mtoto bega nikampeleka kwao. Nikarudi kukaa barazani.

Jioni Yunusi akapita na mkuki. "Shikamoo bibi." "Marahaba, baba." Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

Mtoto hakumwita. Alitutangazia. Sisi tulio na masikio ndio hatukusikia, na mimi niliyesikia nilinyamaza.

20 Aprili, Pasaka

Moshi umepanda.

23 Aprili

Wapelekaji wa maneno wamesema wamemsikia akinguruma upande wa shamba la Mwanne. Nimekwenda hadi kwenye kichuguu cha njia panda, miguu ikagoma. Nimekaa pale mpaka mpita njia akanirudisha kwa baiskeli kama gunia. Anayenguruma hawindi, hilo nimelifundisha darasani. Anayewinda hana sauti hata moja. Mbele yake sote ni viziwi.

Nikifa kabla sijasema, mtoto yule atabaki na mikono isiyosomwa na mtu yeyote, na jina la mchawi.

Arobaini ya Yunusi ni tarehe 29.

29 Aprili

Nimesema.

Walinipeleka kwa baiskeli. Baada ya dua, na watu wakiwa wanakula pilau, nikaomba nafasi. Mimi ni mtani wa marehemu, na mtani katika msiba ana ruhusa. Watu waligeuka na nyuso za tabasamu, wakaacha kula, wakingoja vichekesho.

Nikasema, "Yunusi nimemuua mimi."

Kicheko kikapasuka. Vijana walipiga makofi. Mmoja akasema, "Kwa mguu gani huo, bibi? Huo uliovimba?" Hata mkewe Yunusi, na tumbo lake, akatabasamu.

Nikasema, "Siyo utani." Wakacheka zaidi, maana ndivyo mtani husema. Niliwatazama wakicheka na nikaona kwamba nimefika mbele yao na ukweli wangu, nao hawawezi kuupokea kwa sababu ya ukoo niliozaliwa. Ningeweza kuketi hapo hapo. Wangenipa nyama, na ningekuwa nimesema.

Basi nikamtaja. Kwa kinywa, kwa sauti ile ya darasani.

"Simba," nikasema. "Simba. Simba."

Niliwahi kuona moto unaozimwa kwa maji. Ndivyo walivyonyamaza. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio.

"Kama jina linamwita, leo nimemwita mimi. Akija usiku huu msitafute mwingine. Sasa nisikilizeni." Nikawaeleza yote: kitabu, ishara, kiganja kwenye udongo. Niliifanya ishara ile mbele yao, nikawatafsiria mkono kwa mkono, kama ubaoni. Prisca alisimama kule nyuma akasema, "Ni kweli, alipiga chini kwanza. Niliona. Nilimpiga."

Mzee Yasini alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuinuka.

"Uliambiwa," akasema.

"Niliambiwa."

"Wakati gani?"

"Alasiri. Jua lilikuwa bado juu."

"Na mwanangu alipita kwako jioni."

"Alipita."

"Akakusalimu."

"Akanisalimu."

"Ukamwitikia."

"Nikamwitikia, mzee."

Akautazama mkono wake. Halafu akapiga kiganja kwenye udongo kando ya mkeka, taratibu, akakitandaza. Akatazama alama iliyobaki.

"Mtoto arudi shule," akasema. "Alikuwa akituonya, asikae porini. Nitakwenda kumchukua mwenyewe na bwana nyama." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe Lusiana. Wewe siyo mtani wangu tena. Kaburi lako sitachimba."

Aliniita kwa jina langu. Miaka yote hajawahi.

30 Aprili

Hakuna aliyechukuliwa usiku. Nilikesha nikisikiliza, ingawa najua hakuna cha kusikia.

1 Mei

Zulfa na Mwanne wamerudi kijijini. Mwanne hakupita kwangu.

3 Mei

Hajaja mnyama. Kila asubuhi ninamshukuru Mungu kisha naanza kuogopa usiku unaofuata. Akimchukua mtu sasa, ni mimi niliyemtaja. Najua si kweli. Ninaogopa vilevile.

6 Mei

Zulfa amekwenda shule. Prisca alikuja kumchukua mlangoni. Wazazi wengine bado wamewazuia watoto wao.

9 Mei

Mwanne alikuja. Alisimama uani, hakukaa.

"Ulinipa unga," akasema. "Ulijua yote, ukanipa unga."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mtamu, ndiyo maana naona uchungu." Akanywa maji yangu, akaondoka. Zulfa alibaki.

Nilipaswa kumwambia mtoto pia. Lakini uongo hatukuwahi kuutungia ishara. Nikaonyesha: wewe uliniambia, mimi nilielewa, mimi nilifunga mdomo. Akanitazama. Akachukua miwani yangu usoni, akaifunika kwa kiganja, akanirudishia. Ni ishara mpya, ya mtu aliyeona akajifunika macho. Kaitunga yeye. Nadhani inatosha.

15 Mei

Prisca huja jioni na daftari kujifunza. Ni mzito wa vidole. Zulfa humchapa mkono kwa rula akikosea.

22 Mei

Inasemekana bwana nyama amempiga mmoja upande wa Ruangwa. Hakuna ajuaye kama ndiye.

Watoto wamegundua jambo. Kwa kinywa hawaruhusiwi kumtaja, basi wakiona alama njiani hufanya vidole usoni, kundi zima linasimama kimya. Zulfa hutembea katikati, siyo nyuma tena. Wazee wanaona, wanageuza macho.

30 Mei

Maji yamepanda hadi mapajani. Dawa hazikojoeshi tena.

Ninaogopa. Si kufa. Ninaogopa kuzikwa na watu wa heshima tu, bila mtani hata mmoja wa kunitukana, kana kwamba nilikuwa mgeni hapa.

4 Juni

Ufuta umekatwa. Jua. Zulfa amekaa miguuni pangu na somo lake.

Mzee Yasini amepita njiani, jembe begani. Tangu arobaini hupita bila kugeuka. Leo alikwenda hatua chache, akasimama akiwa amenipa mgongo. Nikaona mabega yake yakipanda na kushuka.

Akageuka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Wewe bibi kizee!" akapiga kelele. "Bado tu hujafa? Na mguu huo ulivyovimba, nitachimba shimo la ng'ombe!"

Nilitaka kumrudishia tusi, machozi yakatangulia. Akangoja kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa pungufu, akaenda zake.

Zulfa alinivuta nguo. Alikuwa ameona kinywa chake kikifunguka, na machozi yangu. Akauliza kwa mikono: amesema nini?

Nikamwambia: amesema atakuja.